Siku sita za kukimbia bonde la Lukuledi: njia, maji na tope

Mto Lukuledi unashuka kati ya uwanda wa juu wa Makonde, upande wa kusini, na ule wa Wamwera upande wa kaskazini. Ukikaribia ghuba ya Lindi bonde lake linalala kabisa, mto unapanuka kuwa hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na mpunga unaachia nafasi mikoko. Mingoyo, jirani na njiapanda ya Mnazi Mmoja zinapokutana barabara za Lindi, Mtwara na Masasi, ni mahali pazuri pa kuweka kambi ya mbio. Leo imo ndani ya Manispaa ya Lindi, lakini kwa mkimbiaji bado ni kijiji: unatoka mlangoni, na baada ya dakika chache uko shambani.

Ratiba hii ni ya Julai, wakati wa kusi, upepo wa kusini, mvua zimekwisha na mpunga umeshavunwa. Mikoa ya Lindi na Mtwara ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Ukija Februari, nusu ya njia zilizoandikwa hapa ziko chini ya maji. Siku zimehesabiwa kwa mwezi wa kuandama, kama wavuvi wanavyohesabu, kwa sababu kwenye bonde hili anayepanga mbio ni maji. Kilomita zinafuata.

Siku ya kwanza. Mwezi 11, maji kupwa karibu saa 1:15 asubuhi. Km 6.

Siku ya kupima. Kabla ya kuvaa viatu, pita ofisi ya mtendaji wa kata, au umwone mwenyekiti wa mtaa, useme wewe ni nani, umefikia kwa nani na utapita wapi. Hakuna anayekataza watu kukimbia. Shida ni kwamba mgeni anayeonekana alfajiri akitoka mbio kwenye mikoko huleta maswali, na maswali hayo ni afadhali yajibiwe mapema. Ukishasema, habari hufika kila nyumba kabla ya saa sita mchana.

Halafu tafuta mwanzi wa mita 2. Usikate fito ya mkoko, maana misitu ya mikoko nchini ni hifadhi na kukata bila kibali ni kosa. Chora alama kila sentimita 10 kwa rangi au kwa kisu, uusimike ukingoni mwa hori pale unapokusudia kuvuka siku ya nne. Usome kila nusu saa, kuanzia maji yanapokauka hadi saa tatu baadaye. Jedwali la kupwa na kujaa la Mtwara litakupa saa za baharini, ila ndani ya hori maji huchelewa, na kuchelewa huko hutofautiana na upana wa mkondo. Mwanzi wako ndio utakaokupa hesabu ya pale pale.

Hesabu yenyewe ni hii. Maji huchukua saa sita na dakika kumi na kitu kutoka kukauka hadi kujaa, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua, yaani maji yanapopanda na kushuka kuliko siku nyingine, kwenye pwani hii hukaribia mita 3 na wakati mwingine huzipita, kwa hiyo saa ya tatu peke yake hupandisha sentimita 75, yaani zaidi ya sentimita moja kila dakika. Maji yaliyokuwa kwenye kifundo cha mguu yanafika pajani chini ya saa moja. Anayesema "bado kidogo, nitavuka nikirudi" huwa anaiangalia saa ya kwanza, ile ya fungu moja, na kudhani zinazofuata zitakuwa hivyo hivyo.

Jambo la pili ni saa zenyewe. Katika pwani yetu siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mwezi 8 na mwezi 22 hivi, mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne au tano ndiyo yamejaa. Kila siku saa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Karibu na bamvua husogea pungufu ya hapo, na karibu na maji mafu zaidi ya saa nzima, kwa hiyo usiongeze dakika 50 kibubusa kwa wiki mbili mfululizo.

Jioni kimbia km 6 kwenye njia ngumu ya gari ukitokea kijijini, polepole, bila kutazama kasi. Kusudi ni kujua udongo: mwekundu ulioshindiliwa barabarani, mweusi wa mfinyanzi bondeni, mchanga mweupe kwenye mikorosho. Chukua mwendo wako wa lami kama kipimo. Kama ni dakika 6 kwa kilomita, andika daftarini dakika 7 kwa kingo za mpunga, 8 kwa mchanga mkavu, na 12 au zaidi kwa tope. Ratiba zote hapa zimepigwa hivyo. Asiyezipiga hivyo hufika kwenye hori amechelewa.

Siku ya pili. Mwezi 12, kupwa karibu saa 2:05. Km 11, kingo za mpunga.

Jua la Julai hapa huchomoza kama saa 12:40, mwanga unaanza saa 12:15. Ondoka na mwanga, usiondoke kabla. Nyoka aitwaye kifutu hupenda kulala kwenye njia ya mchanga iliyobakiza joto la jana, na hakimbii mtu anapokaribia. Hukaa kimya hapo hapo akitegemea rangi yake. Kwa taa ya kichwani utamwona umeshamrukia.

Shuka bondeni uanze upande wa kusini-mashariki ili upepo uwe usoni wakati wa kwenda na mgongoni wakati wa kurudi. Asubuhi kusi bado mpole, lakini kufikia saa tatu unatosha kumchosha mtu aliyeanza kinyume.

Kingo za majaruba zina upana wa nyayo moja hadi mbili. Zinakimbilika vizuri ukifuata mambo matatu. Fupisha hatua na uongeze wepesi wa miguu, ili mguu ushuke chini ya kiuno badala ya kutangulia mbele. Macho yaangalie mita 4 hadi 5 mbele, siyo vidoleni. Na mkiwa wengi mfuatane, mkiachana mita 5, maana aliye nyuma akibanana na mwenzake haoni kinachokuja.

Kinachokuja ni mlango wa maji. Kila jaruba lina pengo ambalo mkulima hulikata kupitisha maji, la nusu mita hivi, na baada ya mavuno nyasi hulala juu yake likafichika. Hapa ndipo vifundo vingi vinapoteguka. Dalili ni kwamba ukingo unashuka kidogo na nyasi zake ni za kijani kuliko za jirani, kwa kuwa unyevu umebaki pale. Ukiona kijani cha ghafla kwenye ukingo mkavu, tembea hatua tatu.

Mfinyanzi mweusi una hila nyingine. Ukikauka hupasuka, na mwezi Julai nyufa zake huwa zinaanza kuwa pana. Kufikia Septemba kuna zinazomeza nusu ya kiatu. Ndani ya jaruba lenyewe, kwenye mabua, ardhi inaonekana tambarare kama uwanja lakini usikate kona kupitia humo: ukingo uliokaa vibaya unauona, ufa chini ya mabua huuoni. Zaidi ya hapo, mabua yaliyobaki mara nyingi yana mtu aliyeyahesabu kwa ajili ya ng'ombe, na sehemu zenye unyevu hupandwa mboga. Ukibomoa ukingo, simama uurudishie udongo kwa mkono na uushindilie. Ukikutana na mwenye shamba, shikamoo kwanza, maelezo baadaye.

Wanaokuja Aprili au Mei wajue kwamba mpunga unapoiva watoto na vijana huwa kwenye vichanja wakiamia ndege, na teo hurusha donge la udongo mbali kuliko anayepita anavyodhani. Piga kelele mapema, "Njia! Njia jamani!", usikilize mpaka ujibiwe.

Maji ya mifereji usiyaguse zaidi ya lazima. Kichocho huingia kupitia ngozi kwenye maji baridi yaliyotulia yenye konokono, na majaruba na mifereji yake ndiyo makazi ya konokono hao. Kama lazima uvuke, vuka haraka pembamba, ukaushe miguu kwa taulo hapo hapo. Anayevuka mara kwa mara kwa wiki nzima aende kupima mkojo kama miezi miwili au mitatu baada ya kuondoka. Dawa ipo na inajulikana kila zahanati. Kuhusu mto wenyewe, kila sehemu yenye maji mwaka mzima ihesabiwe ina mamba hadi wenyeji wa ukingo ule ule waseme hakuna, na waulizwe wanaochota maji, siyo wenye maduka barabarani.

Siku ya tatu. Mwezi 13, kupwa karibu saa 2:50. Km 8, mikorosho.

Siku hii iwe nyepesi, na ianze kwa kuchelewa. Juni hadi Agosti ni wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na kazi hiyo hufanywa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia, ili unga ushike. Hizo ndizo saa za mkimbiaji. Mashine husikika mbali, nayo hutoa wingu la njano linalokaa chini ya miti kwa muda mrefu. Salfa ikiingia machoni huwasha siku nzima, na kwa mwenye pumu si jambo la kujaribu. Subiri hadi saa mbili na nusu, au chagua njia iliyo upande upepo unakotokea. Ukikutwa katikati, usiongeze kasi, kwa sababu utavuta pumzi nyingi zaidi. Funika pua na shati, tembea ukikata upepo kwa ubavu hadi utoke.

Mchanga chini ya mikorosho ni mlaini na unakula nguvu, karibu mara moja na nusu ya ardhi ngumu. Km 8 hapa zina uzito wa km 12 za barabarani. Kisigino huzama, na kano la kisigino pamoja na shavu la mguu hubeba kazi ya ziada. Asiyezoea aweke km 3 tu za mchanga na zilizobaki akimbie katikati ya alama za matairi, paliposhindiliwa. Soksi ziwe ndefu, zipande juu ya kifundo, na ulimi wa kiatu ushonewe kitambaa pembeni kama una muda. Chembe za mchanga ule ni ndogo na hupita kwenye wavu wa kiatu cha kawaida. Malengelenge ya bonde hili huanzia kwenye chembe hizo zikichanganyika na jasho; maumbile ya kiatu yana lawama ndogo. Paka mafuta mazito vidoleni na kisigino kabla ya kuvaa, na kila km 5 vua, kung'uta, vaa.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, msimu wa korosho, njia hizi hizi zina mabibo yaliyodondoka na kuoza, yanayoteleza kuliko tope, pamoja na nyuki na nyigu wanaoyafuata. Bodaboda zenye magunia nazo hupita kwa kasi kwenye kona za vichaka. Kimbia upande unaowaona wanaokuja.

Siku ya nne. Mwezi 14, kupwa karibu saa 3:30. Km 9, hori na mikoko.

Hii ndiyo siku ya kuvuka, na siku yenyewe imechaguliwa kwa sababu. Mwezi 11 na 12 maji hukauka mapema, saa nzuri, lakini hayashuki vya kutosha: mkondo unabaki na maji ya goti au zaidi. Mwezi 16 yanashuka kabisa, ila saa tano kasoro jua limeshakuwa kali. Mwezi 14 ni katikati. Dirisha la kuvuka na kurudi ni kuanzia saa moja kabla ya kukauka hadi dakika 45 baada yake, yaani saa 2:30 hadi 4:15. Nusu ya pili ya dirisha ni fupi kuliko ya kwanza kwa makusudi. Ukichelewa wakati maji yanatoka, unasubiri. Ukichelewa wakati yanaingia, unakwama upande wa pili hadi usiku.

Ondoka saa 1:30. Fika kwenye mwanzi wako saa 2:30, uusome. Uamuzi ni wa namba: kama mkondo unazidi sentimita 40 pale katikati, au bado unakokota majani kwa mwendo wa mtu anayetembea, usivuke, kaa robo saa, usome tena. Maji ya sentimita 40 yaliyosimama ni rahisi. Maji hayo hayo yakikimbia yanaondoa mguu kwenye utelezi.

Miti ndiyo ramani ya ardhi, na inasomeka ukiwa bado unakimbia. Mlilana, wenye majani ya mviringo na mizizi minene inayochomoza wima kama mambo za hema, husimama mbele kabisa kuelekea maji. Chini yake ni tope au mchanga unaofunikwa kila maji yanapojaa, na si mahali pa mbio. Mkoko, ule wenye mizizi inayoning'inia kama matao kutoka shinani, hufuata kingo za vijito na hukaa kwenye tope laini kuliko yote. Humo unatembea, unashika, unatembea. Mkandaa, mti mfupi wenye shina lililopanuka chini, una ardhi iliyokaza, inayochukua mguu bila kuzama zaidi ya soli. Nyuma kabisa, upande wa nchi kavu, yupo mchu wa kimo kifupi wenye majani ya kijivu chini, na baada yake uwanda mtupu wa chumvi ambako maji hufika kwenye bamvua tu. Uwanda huo ukikauka ni mgumu na sawasawa. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kukimbia vipande vya mita 400 katika bonde zima.

Kwa hiyo njia inapangwa hivi: kaa kwenye mstari wa mchu na mkandaa kadiri inavyowezekana, hata kama ni ndefu zaidi. Pita kwenye mikoko kwa mstari mfupi kabisa kuelekea kivuko, siyo kwa ulalo. Mita 60 za mkoko zinachukua dakika 5 hadi 8. Mita 200 za ulalo zinachukua nusu saa na kiatu kimoja.

Mizizi ya kupumulia ya mchu ni myembamba kama penseli na imejaa ardhini kwa mamia kuzunguka kila mti. Usiikanyage. Inaumia yenyewe, na iliyokauka hutoboa soli ya viatu vyepesi vya lami. Kwa siku hii vaa raba za zamani zenye soli nene na meno, kamba zifungwe fundo mbili na ncha zichomekwe ndani. Kukimbia pekupeku usijaribu, kwa sababu ya chaza. Wanaota kwenye mizizi na kwenye mawe ya mkondo, na makali yao hukata hadi ndani. Jeraha la chaza au la tope lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni siku hiyo hiyo, mchanga utolewe wote, na kama sindano ya pepopunda ina miaka mingi nenda kituo cha afya bila kungoja kivimbe.

Tope likikukamata, usivute mguu juu kwa nguvu. Chini ya soli kunakuwa na ombwe, nalo ndilo linalobaki na kiatu. Piga goti la mguu ulionasa kwenda mbele kidogo, chezesha kisigino kushoto na kulia hadi hewa iingie, kisha uutoe kwa kuanzia kisigino. Uzito uegemee fimbo ya mkononi. Ukizama hadi gotini, kaa chini. Makalio yana eneo kubwa kuliko nyayo na hayazami. Aibu yake inaisha ukioga.

Katikati ya mkondo buruta nyayo, usizinyanyue, ili samaki aitwaye taa aliyejifukia kwenye mchanga ahisi na kuondoka kabla hujamkanyaga. Ukichomwa na mwiba wake, dawa ya kwanza ni kutumbukiza mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa saa moja hivi, halafu hospitali. Maji ya moto hayapatikani mikokoni, na hii peke yake inatosha kukataza mtu kuvuka peke yake.

Wa mwisho kurudi awe kwenye ukingo wa kijiji saa 4:15. Kila kundi liwe na mtu mmoja anayebaki upande huu na filimbi, mwenye simu, anayesoma mwanzi. Mlio mmoja mrefu maana yake maji yamegeuka. Mitatu, rudini sasa. Kama mtu amekwama, asivuke. Apande hadi kwenye mchu, atafute njia ya kuelekea nyumba au asubiri mtumbwi. Mwenye mtumbwi alipwe vizuri bila kujadiliana, maana kaacha nyavu zake.

Mkwaya, pembeni ya hori hili hili, palijengwa gati mwishoni mwa miaka ya 1940 na reli ya kuelekea Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule uliovunjwa mwaka 1951. Ukiwa umesimama kwenye tope hadi mapajani unaelewa kwa nini bandari kuu ilihamia kwenye kina cha Mtwara.

Siku ya tano. Mwezi 15, kupwa karibu saa 4:05. Pumziko.

Miguu ipumzike. Daladala hadi Lindi mjini, na ukitaka, km 4 za taratibu ufukweni maji yakiwa yamekauka, kwenye ukanda wa mchanga ulioloa na kukaza. Ufuo una mwinamo, kwa hiyo mguu wa upande wa bahari unashuka zaidi. Nusu ya kwanza kwenda, nusu ya pili kurudi kwa njia ile ile, vinginevyo nyonga na goti moja litalalamika kesho. Kivuko cha Kitunda kiko hapo hapo kwa anayetaka kuona mdomo wa hori ulivyo mpana ukilinganisha na kijito alichovuka jana.

Osha viatu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa soli za ndani, vikaushe kivulini. Juani gundi huachia.

Siku ya sita. Mwezi 16, kupwa karibu saa 4:40. Km 22, mzunguko mrefu.

Maji yalijaa karibu saa kumi na nusu alfajiri na leo ni bamvua, kwa hiyo uwanda wa chumvi ulifunikwa. Usianzie huko. Anza saa 12:15 kwa kingo za mpunga, km 9, ukirudi kwa njia ya gari hadi kwenye lami, km 5 zaidi. Hapo ni saa mbili kasorobo au saa mbili, na uwanda umeshaachwa na maji. Ukiingia mapema zaidi utakuta ngozi nyembamba ya ukungu wa kijani juu yake, inayoteleza vibaya. Jua likiipiga kwa saa moja hushika. Jaribu kwa kisigino: kikiacha alama bila kuteleza, pita. Km 4 za uwanda, kisha km 4 za kurudi.

Ukikuta majaruba ya chumvi, na yapo sehemu nyingi za pwani ya Lindi na Mtwara, omba ruhusa kwanza. Siku za bamvua ndizo wenye majaruba hufungua milango kuingiza maji ya bahari, kazi ni nyingi na kuta zimeloa. Ukuta wa udongo uliokauka unabeba mkimbiaji. Ukuta wa siku ya kujaza unabonyea na kuvuja, na uvujaji wa usiku mmoja unaweza kuharibu maji yaliyoiva kwa wiki kadhaa. Ukiambiwa zunguka, zunguka.

Maji ya kunywa: mililita 500 kwa saa kwa mtu wa wastani asubuhi ya Julai, na karibu 700 jua likishapanda. Beba lita moja na nusu, weka nyingine moja dukani kando ya lami kwa makubaliano na mwenye duka. Pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, ichanganywe kwenye lita moja kamili kama ilivyoandikwa. Kuichanganya kwenye nusu lita ili "iwe kali" huvuta maji kuingia tumboni na kuleta kuharisha njiani. Dafu ni zuri baada ya mbio, lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo liendane na kitu cha chumvi: muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi, au samaki mkavu kwa anayeweza. Anayekunywa maji matupu lita nne bila chumvi na kuanza kuumwa kichwa na kichefuchefu huku mkojo ni mweupe, asiongezewe maji. Apewe chumvi, apumzishwe, na akichanganyikiwa apelekwe hospitali.

Sehemu za kuachia njia ni mbili tu: lami kwenye km 14, na njia ya gari inayoshuka kwenye uwanda. Baina yake bodaboda haifiki. Anayesikia goti au kano kwenye km 12 aishie lami, asijipe moyo.

Nguo za kurudi nazo zikumbukwe, kwa sababu mzunguko unaishia katikati ya kijiji, na kama ni Ijumaa watu wanajiandaa kwenda msikitini. Kaptula ya juu ya goti ni ya shambani. Mwanamke abebe kanga au shati refu kwenye mkoba wa maji, mwanaume suruali nyepesi, vivaliwe kabla ya nyumba za kwanza.

Aliyekosa kuanza mwezi 11 asianze mwezi 18 kwa kudhani ni wiki moja tu imepita. Mwezi 18 hadi 20 alfajiri maji yamejaa na hukauka karibu na adhuhuri, hivyo kuvuka kunaangukia jua la utosi. Siku hizo atumie njia za mpunga na mikorosho peke yake. Mwezi 26 saa zinarudi kama zilivyokuwa mwezi 11, na ratiba yote inaweza kuanza upya, siku ya kuvuka ikiwa mwezi 29. Ila bamvua ya mwandamo na ya mpevu hazifanani kimo kila mara, kwa hiyo mwanzi usomwe tena.